Maharage yalikuwa laini, mbona tulitapika?

Swali la msomaji:

"Shikamoo daktari. Naishi Njombe mjini na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mkaa umepanda bei, nikanunua kapu la kupikia, lile linalotunza joto chakula kikajiivia bila moto. Ijumaa nililoweka maharage mekundu tangu mchana. Usiku nikayabandika, yalipoanza tu kutokota nikaepua, nikayafunika kapuni mpaka asubuhi. Yalikuwa laini. Nikayaunga kwa kitunguu na nyanya, yakapata moto, tukala na chapati. Hazikupita saa mbili, wote watano tukaanza kutapika, halafu kuharisha. Ilipofika alasiri tulikuwa na nafuu. Jirani anasema ni dawa ya kuhifadhia maharage. Mama mkwe anasema maharage yana sumu yake toka zamani, na kwamba mimi sikuyapika. Nani yuko sahihi? Tena nina kilo 20 za soya: nyingine nasaga mbichi kwenye unga wa lishe wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nyingine nawapa vifaranga, na sasa wana wiki ya 5 lakini wamedumaa. Nimeshauriwa pia niwape nguruwe mashudu ya pamba. Na dada yangu anayeishi Muscat, Oman, hutuletea maharage mapana makavu ya kule. Sasa naogopa kila kitu."

Jibu:

Marahaba, mama. Poleni sana, na hasa huyo mdogo, maana mtoto wa umri huo hukaukiwa maji haraka kuliko mtu mzima.

Mama mkwe wako yuko sahihi. Jirani naye hakusema upuuzi, kwa hiyo nianze na lake. Dawa za unga zinazochanganywa na maharage ili yasibunguliwe zipo, na mtu akila kiasi kikubwa huugua. Lakini nyingi ya dawa hizo zikimdhuru mtu hazimwachi na kutapika tu: mate humtoka, jasho humtiririka, mboni za macho hunywea zikawa kama tundu la sindano, misuli humchezacheza, pumzi humbana. Ukiona hayo kwa yeyote, usisubiri jioni, nenda hospitali na kifungashio cha dawa mkononi. Na maharage ya mbegu yaliyopakwa rangi, ya waridi au ya kijani, hayaliwi hata yaoshwe mara kumi. Nyinyi hamkupata dalili hizo. Mlitapika, mkaharisha, mkapona siku hiyohiyo. Ukichanganya na namna ulivyopika, kidole changu kinaelekea kwenye maharage yenyewe.

Ndani ya punje ya haragwe kuna protini inayoitwa lektini. Mmea huitengeneza kulinda mbegu yake dhidi ya wadudu na wanyama. Lektini ina tabia ya kunata kwenye sukari zilizoko juu ya chembechembe za mwili. Ukiiweka kwenye damu ndani ya kichupa, chembe nyekundu hushikana mabonge. Jambo hilo lilionwa mwaka 1888 na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Hermann Stillmark, katika mji ambao leo ni Tartu, Estonia, alipokuwa akichunguza mbegu za mbarika. Ndani ya utumbo lektini ya maharage hunata kwenye ukuta, huharibu vile vinyweleo vinavyofyonza chakula, na mwili hujibu kwa kutupa kila kitu nje, kwanza kwa juu, kisha kwa chini. Kwa kawaida huanza saa 1 hadi 3 baada ya kula, na nafuu hurudi saa chache baadaye. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumwangusha mtu mzima.

Maharage mekundu ndiyo yenye lektini nyingi kuliko ndugu zake. Maabara huipima kwa uwezo wake wa kugandisha damu: maharage mekundu mabichi hufika vipimo 20,000 hadi 70,000, na yakiiva sawasawa hushuka hadi 200 au 400. Maharage meupe yana kama theluthi ya hiyo. Kwa hiyo usiyaogope maharage. Yakiiva, sumu imekwisha, na kilichobaki ni protini, chuma na nyuzinyuzi ambazo familia nyingi za Tanzania hazina pengine pa kuzipata kwa bei ile.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Si kila joto linaloharibu lektini. Inataka maji yanayotokota. Maharage yakikaa kwenye nyuzi 80 au chini ya hapo kwa saa nyingi hulainika, ganda huachia, kidole hupenya, nawe unasema yameiva. Lakini lektini bado ipo. Vipimo vimeonyesha hata kwamba maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na nguvu ya sumu mara 5 kuliko mabichi kabisa. Ndiyo maana nimekiangalia sana kile kineno chako, "yalikuwa laini." Ulaini si ushahidi. Na kule kuunga hakukukuokoa, kwa sababu ulisema yalipata moto. Kupata moto na kutokota ni vitu viwili.

Wajapani walilipia somo hili mwaka 2006. Kipindi kimoja cha televisheni kiliwafundisha watazamaji kupunguza unene kwa kukaanga maharage meupe dakika 3 hivi, kuyasaga na kunyunyizia wali. Mamia ya watu waliugua tumbo, wengine wakalazwa. Kikaango kilikuwa cha moto, lakini haragwe kavu lililokaangwa dakika 3 kwa ndani ni bichi.

Kuna jambo jingine la kwenu Njombe ambalo mtu wa Dar es Salaam halimhusu. Mji wenu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Kadiri unavyopanda, maji hutokota kwenye joto la chini, kwa makadirio nyuzi 1 kila mita 300. Pwani maji hutokota nyuzi 100. Kwenu hutokota karibu na 93. Mapovu ni yaleyale, mvuke ni uleule, lakini joto limepungua, na maharage huchukua muda mrefu zaidi. Ulipoyaepua "yalipoanza tu kutokota," yalikuwa yameonja nyuzi 93 kwa dakika moja au mbili, kisha kapu likayashikilia kwenye joto linaloshuka usiku kucha. Yaani umeyapitisha taratibu palepale pabaya.

Usilitupe kapu. Ni chombo kizuri, na mtu anayebana mkaa simlaumu hata kidogo. Fanya hivi. Loweka maharage usiku kucha, au angalau saa 5, kisha mwaga yale maji, usipikie. Weka maji mapya. Yabandike, na yakishaanza kutokota kwa nguvu, mapovu yakiruka, anza kuhesabu. Wataalamu wa Uingereza husema dakika 10, wa Marekani husema 30. Kwa mwinuko wenu mimi nasema 30, sina shaka. Baada ya hapo ndipo yaende kapuni, yakiwa bado yanatokota, sufuria ikiwa imejaa na kifuniko kimebana. Kapu litamalizia ulaini. Sumu ilishakufa jikoni. Ukiwa na sufuria ya presha, ni bora zaidi, kwa sababu humo joto hupanda hata kupita 100, na mwinuko hauna tena neno.

Na usiyalaze. Haya nayasema kwa sababu nyingine kabisa. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa vuguvugu saa nyingi, bakteria huamka humo, na wapo wanaoacha sumu ambayo hata ukichemsha tena haiondoki. Hao pia hutapisha ndani ya saa chache, na siwezi kuapa kwamba hawakuchangia kwenye lenu. Bandika asubuhi, tia kapuni saa nne, kula saa nane. Yakibaki, yapoze upesi, na uyachemshe tena kabla ya kula.

Kuhusu magadi, maana najua utauliza: yanalainisha ganda haraka na kuokoa mkaa, lakini yanaua vitamini za kundi B, na ubaya wake mwingine ni kwamba yanakuletea ule ulaini kabla ya wakati. Ukiyatumia, dakika 30 za kutokota ziko palepale.

Nimekaa na suala la mkaa kwa makusudi. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, karibu kila mkasa wa sumu ya mimea niliousoma au kuukuta una sura hiyo: watu walikuwa wanajua kupika kile chakula, vizazi na vizazi, kisha kitu kimoja kikapungua. Kwako umepungua mkaa. Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, yalipungua maji.

Huko, mwaka 1989, zaidi ya watu 200 waliletwa wakiwa wamechanganyikiwa: kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, wanaona vitu ambavyo hakuna mwingine anayeviona. Walikuwa wamekula mbegu za upupu. Naam, upupu huuhuu unaowasha, jamii ya mikunde. Mbegu zake zina kemikali iitwayo L-dopa, ileile inayotumika hospitalini kutibu ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, na humo imo nyingi, gramu kadhaa katika kila gramu 100. Wenyeji walijua. Wakati wa njaa walizichemsha mara nyingi, kila mara wakimwaga maji na kuweka mapya, na sumu ikaondoka na maji. Mwaka ule kulikuwa na ukame na vita. Maji yalikuwa haba, watu hawakuweza kuyamwaga, wakala mbegu pamoja na mchuzi wake.

Ona tofauti hapo, mama. Lektini ya maharage hufa kwa moto. L-dopa haiondolewi na moto, inataka maji ya kuitoa. Ndiyo maana sipendi ushauri wa jumla wa "pika vizuri." Kila sumu ina mlango wake wa kutokea.

Fiwi, zile punje bapa na pana, hasa zenye rangi nyeusi au madoa, zina kiini kinachozaa sumu iitwayo sianidi punje ikipondwa au ikilowa, kama muhogo mchungu. Sianidi huyeyuka kwenye maji na hupaa na mvuke. Kwa hiyo fiwi loweka, mwaga, chemsha kwenye maji mengi bila kifuniko, mwaga tena maji ya kwanza. Aina nyeupe zilizochaguliwa na wakulima kwa miaka mingi zina sianidi kidogo, za porini zina nyingi.

Muhogo si jamii ya mikunde, lakini siwezi kuupita, kwa sababu ndio uliotufundisha gharama. Mwaka 1985, wilayani Tarime, katika kipindi cha ukame, watu walipatwa na ulemavu wa miguu wa ghafla, wengi wao kina mama na watoto. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Njaa ilikuwa imewaharakisha watu. Muhogo mchungu uliotakiwa kuvundikwa na kuanikwa kwa siku nyingi ulisagwa kabla ya wakati. Kilichopungua pale kilikuwa siku. Miguu ya mgonjwa wa konzo hairudi kuwa kama zamani.

Kwenye nyanda za juu za Ethiopia kuna mkunde unaoitwa guaya, unaostahimili ukame kiasi kwamba mvua ikigoma ndio pekee unaosimama shambani. Mtu akiula mara mojamoja hapati kitu. Akiula peke yake kila siku kwa miezi, mbegu zake huua neva zinazoongoza miguu, akabaki anatembea kwa ncha za vidole na fimbo, au asitembee kabisa. Haupandwi sana kwetu, lakini nakutajia kwa sababu unaonyesha kitu ambacho maharage hayaonyeshi: sumu nyingine haihesabu sahani moja, inahesabu miezi.

Turudi nyumbani kwako, kwenye unga wa lishe, maana hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka kuliko kwenye yale maharage.

Usimpe mtoto soya mbichi iliyosagwa. Nakuomba usisubiri hata kesho. Soya mbichi ina lektini yake, na zaidi ya hiyo ina protini zinazofunga kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho kongosho hukimwaga tumboni ili kikate protini ya chakula. Tripsini ikifungwa, protini uliyoinunua kwa pesa yako inapita tumboni kwa mtoto na kutoka bila kumfaa, naye anaharisha na tumbo kujaa. Mtu hukuambia "uji utaiva." Uji ukiwa mzito hutokota kwa kupasukapasuka juu, ukigandia chini, na mama huuepua baada ya dakika 5 au 7. Hiyo haitoshi kwa soya, na kwenye mwinuko wenu ndiyo kabisa. Nimekuta kina mama wanaojitahidi kweli, wana unga wenye vitu vinane ndani yake, na mtoto haongezeki uzito kwenye kadi. Wengine walikuwa wameweka hata maharage mekundu mabichi humo. Maharage yasiwe kwenye unga wa lishe. Mpe yaliyoiva na kupondwa, pembeni.

Soya iandae hivi. Chagua punje, toa mawe, na toa kila mbegu usiyoitambua. Weka maji jikoni, yatokote kwanza, ndipo umimine soya ndani ya maji yanayotokota. Ukifanya hivyo ile harufu ya ubichi inayowakera watoto pia hupungua sana. Ziache zitokote dakika 30. Ziipue, mwaga maji, zisugue kwa viganja kwenye maji baridi maganda yaachie yaelee, uyaengue. Zianike juani mpaka ukizitafuna zinavunjika kwa mlio. Unaweza kuzikaanga kidogo ziwe na rangi ya dhahabu na kunukia kama karanga, ila zisiungue, kwa sababu soya iliyoungua hupoteza lisini, kirutubisho kilekile ulichokifuata kwake. Kisha saga: sehemu 3 au 4 za nafaka kwa sehemu 1 ya soya. Inatosha. Unga wenye vitu viwili au vitatu vilivyoandaliwa ni bora kuliko wenye vinane vibichi. Ukiweka karanga, ziwe safi, zisizo na ukungu wala kusinyaa. Sumu ya ukungu ni habari nyingine, haitoki kwenye mmea wala haiondoki kwa kupika.

Niliposema utoe mbegu usiyoitambua sikusema kwa kujaza maneno. Machi 2019, Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada uliochanganywa mahindi na soya. Ndani yake kulikutwa sumu ya mnanaha, ule mmea wa maua marefu kama tarumbeta na tunda lenye miiba, unaoota kwenye mashamba ya soya na kuvunwa pamoja nayo. Soya yenyewe haikuwa na hatia. Aliyekula mnanaha kinywa hukauka, mboni za macho hutanuka, huweweseka, asijue aliko. Mbegu zake ni ndogo, bapa, nyeusi au kahawia, zenye umbo la figo. Soya ni ya mviringo na ya manjano. Tandaza sokoni kwenye ungo kabla hujalipa, utaziona.

Vifaranga wako sasa. Wamedumaa kwa sababu ileile. Kuku akila soya mbichi, kongosho hulazimika kumwaga tripsini nyingi kuliko kawaida kufidia ile iliyofungwa, nalo huvimba. Ukimchinja na kumfungua utaliona kubwa, limejaa kati ya kunjo la utumbo. Jambo hili si geni. Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa Marekani walishaona mwaka 1917 kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakui, na walewale wakipewa iliyopikwa wanakua. Acha leo kuwapa mbichi. Ipike kama ya mtoto, hutahitaji kuondoa maganda, ianike, isage, uchanganye. Watakula na wataanza kuongezeka, ila kuku wa nyama aliyepoteza wiki 5 hataufikia uzito kwa wakati ule uliopanga, nisikudanganye.

Kama unanunua soya ambayo muuzaji anadai imeshakaangwa, kuna kipimo cha nyumbani nakipenda sana. Soya mbichi ina kimeng'enya kingine, urease, ambacho hufa kwenye joto karibu lilelile linaloua kizuizi cha tripsini. Chukua vijiko 2 vya soya iliyosagwa, kijiko 1 cha mbolea ya yurea, na maji nusu kikombe. Tia kwenye chupa safi, tikisa, funga, acha dakika 20 hadi 30. Fungua na unuse kwa mbali kidogo. Ikikupiga harufu ya amonia, ile ya banda la kuku ambalo halijafagiliwa siku nyingi, soya ni mbichi. Isiponuka, imepata moto. Mwaga ule mchanganyiko shimoni, usimpe mnyama, na chupa usiirudishe jikoni. Kwa sababu hiyohiyo, wenye ng'ombe wasichanganye soya mbichi na yurea kwenye chakula chao. Ng'ombe anaivumilia soya mbichi kwa kiasi, lakini amonia ikifumuka tumboni humuua.

Mashudu ya pamba kwa nguruwe: nasema hapana. Mbegu ya pamba ina rangi ya njano iitwayo gosipoli, imo kwenye vijidoa vidogo vyeusi unavyoviona ukiipasua punje. Ng'ombe mkubwa ana tumbo lenye vyumba vinne na bakteria wanaoifunga gosipoli, ndiyo maana wafugaji wa Kanda ya Ziwa wanampa mashudu hayo na ananenepa. Nguruwe hana tumbo la namna hiyo. Gosipoli hujilimbikiza mwilini mwake kwa wiki kadhaa huku akionekana mzima na kula vizuri, halafu moyo huchoka, maji hujaa kifuani, anahema kwa shida kama aliyekimbia, na siku moja unamkuta amekufa. Wafugaji wengi hudhani ni homa ya nguruwe. Vifaranga na ndama wanaonyonya nao wasipewe. Kuku wa mayai akiyala, kiini cha yai likikaa siku kadhaa hugeuka kijani cha zeituni, na wateja hawatarudi. Kwenu kuna mashudu ya alizeti ya kutosha, na hayo hayana gosipoli. Nunua hayo, uchanganye na pumba za mahindi na ile soya iliyopikwa, na umwombe bwana mifugo akupangie viwango kulingana na uzito wa nguruwe wako.

Na kama una mti wa lusina uani, majani yake kwa mbuzi yasizidi karibu theluthi moja ya chakula chote cha siku. Kwa nguruwe, kuku na sungura yawe kidogo sana. Yana mimosini, ambayo huwapukutisha manyoya.

Mikunde mingine ya jikoni kwako iache moyo wako utulie. Kunde, choroko, dengu, njegere na mbaazi zina lektini dhaifu au chache. Zipike kama ulivyozoea. Choroko hata zikichipushwa zinaliwa, lakini usijaribu kuchipusha maharage mekundu na kuyala mabichi kwenye kachumbari. Ule upepo wa tumbo baada ya maharage hauna uhusiano na sumu, ni sukari fulani ambazo utumbo wetu hauwezi kuzikata, bakteria wakazila na kutoa gesi. Kumwaga maji ya kuloweka huupunguza.

Umenitajia mwishoni mwa barua kwamba dada yako anaishi Muscat na huwaletea maharage mapana makavu ya kule, yale ambayo Wamisri huyapika yakaitwa ful. Hayo mpishi hana lawama nayo. Yana viini ambavyo moto wa kawaida hauviondoi, na kwa watu wengi havidhuru. Lakini kuna watu wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha chembe nyekundu za damu kiitwacho G6PD. Huko Oman ni karibu mwanamume 1 kati ya 4, na ukanda wetu wa pwani nao wamo wengi. Mwenye upungufu huo akila maharage hayo chembe zake za damu zinaweza kupasuka ndani ya siku moja au mbili: macho yanakuwa ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, anaishiwa nguvu. Hiyo ni hospitali, usiku uleule. Kama shemeji yako ni mtu wa kule, waulize kama watoto wao wamepimwa, kabla hawajapewa sahani ya kwanza.

Kwa sasa mwangalie mdogo. Akiharisha tena mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogokidogo kwa kijiko, na umuulize mhudumu wa zahanati kuhusu vidonge vya zinki. Macho yakididimia, akalegea, akapitisha saa 6 bila kukojoa, au kinyesi kikawa na damu, mbebe umpeleke.

Yale maharage yaliyobaki kwenye gunia usiyamwage, wala usimrudishie aliyekuuzia. Yanuse, yaangalie kama yana unga wa dawa. Kama hayana, yaloweke usiku wa leo. Kesho saa tatu mwite mama mkwe jikoni, yakianza kutokota akushikie saa, dakika 30 kamili, ndipo mfunike kapu.